Baada ya Matibabu ya Saratani ya Kinywa na Koo: Mwongozo wa Kuuzuia Ugonjwa Usirudi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyemaliza matibabu ya saratani ya kinywa, koromeo, zoloto, pua au tezi za mate, na pia kwa ajili ya yule anayeishi naye nyumba moja. Nimeuandaa kutokana na miaka ya kumsindikiza kliniki mjomba wangu, ambaye alikatwa sehemu ya ulimi kisha akapigwa mionzi kwa wiki sita, na kutokana na yale ambayo madaktari na wauguzi walinieleza kwa subira kila nilipowauliza. Maelekezo ya daktari anayekutibu yanatangulia haya yote, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ugonjwa wako ulianzia wapi na ulikuwa umefika wapi.

Kabla ya kuingia kwenye hatua zenyewe, neno "kuzuia" linahitaji kuelezwa. Hakuna daktari anayeweza kukuahidi kwamba saratani haitarudi, na anayekuahidi hivyo kwa kukuuzia dawa anakudanganya. Yaliyo mikononi mwako ni mambo mawili: kuondoa kile kinachoulisha ugonjwa, na kuutambua mapema ukijaribu kurudi, wakati bado ni mdogo na unaweza kutibika. Kila hatua inayofuata inahusu moja kati ya hayo mawili.

Ni vizuri pia kujua kwamba ugonjwa huu una njia mbili za kumrudia mtu. Chembe chache zilizosalia baada ya matibabu zinaweza kukua tena palepale au kwenye tezi za shingo. Vilevile, saratani mpya kabisa inaweza kuanza mahali pengine palipopitiwa na moshi na pombe ileile kwa miaka mingi, kama vile upande wa pili wa kinywa, umio au mapafu. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani Slaughter, Southwick na Smejkal walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa na koo, wakaonyesha kwamba ngozi laini iliyozunguka uvimbe, ambayo kwa macho ilionekana nzima, tayari ilikuwa na mabadiliko, na kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na saratani zaidi ya moja. Ndiyo maana mtu aliyekatwa uvimbe wote hawezi kusema kwamba sasa anaweza kurudia sigara kwa sababu kilichokuwa kibaya kimeshatolewa.

Hatua ya kwanza: usiondoke hospitali bila karatasi zako

Omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa, na usiridhike na kuambiwa tu kwamba "umemaliza, nenda nyumbani". Muhtasari huo ueleze saratani ilikuwa ya aina gani, ilianzia wapi, ilikuwa katika hatua gani, kingo za sehemu iliyokatwa zilionekana safi, yaani bila chembe za saratani, au la, tezi ngapi za shingo zilikutwa na ugonjwa, ulipigwa mionzi kiasi gani na upande upi, na ulipewa dawa zipi kwa njia ya mshipa. Kwa saratani ya koromeo na tezi za koo, uliza kama kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kilipimwa HPV, kirusi kinachoenea kwa kujamiiana na kinachoweza kuanzisha saratani ya koo, kwa sababu jibu hilo hubadilisha matarajio ya daktari.

Karatasi hizi zitahitajika siku utakayokwenda kwa daktari wa meno, siku utakayohamia mkoa mwingine, na hasa siku ambayo daktari mwingine atataka kujua kama shingo yako inaweza kustahimili mionzi kwa mara ya pili. Zipige picha kwa simu, kisha mtumie picha hizo mtu mmoja wa familia, kwa sababu mafaili hupotea na simu huibiwa.

Hatua ya pili: tumbaku, tambuu na pombe

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pengine pote. Tumbaku ya kila namna imo: sigara, kiko, shisha, ugoro wa kunusa au wa kuweka mdomoni, kuberi, na ile inayotiwa ndani ya tambuu. Katika pwani yetu wapo wanaojifariji kwamba tambuu bila tumbaku haina neno. Sivyo ilivyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limekwisha kuiweka popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa vinaleta saratani kwa binadamu, kwa hiyo kuondoa tumbaku na kubakiza popoo na chokaa hakutoshi.

Faida ya kuacha haikupotea kwa sababu tayari uliugua. Utafiti uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa wakipigwa mionzi: waliokuwa wakiendelea kuvuta, uvimbe uliyeyuka kabisa kwa asilimia 45 tu yao, ilhali kwa wasiovuta ilikuwa asilimia 74, na baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni asilimia 39 dhidi ya asilimia 66. Wote walikuwa wakipigwa mionzi. Ninazitaja tarakimu hizi kila ninapokutana na mgonjwa anayesema kwamba maji yamekwisha kumwagika.

Mjomba alianza kutafuna tambuu akiwa kijana, na kijaluba chake cha shaba kilikuwa kitu cha kwanza alichokipapasa asubuhi, kabla hata ya miwani. Tulichojifunza ni kwamba uraibu wa namna hii umo ndani ya mkono kama ulivyo ndani ya damu. Kwa hiyo tulikitoa kijaluba nyumbani tukakipeleka kwa shangazi, tukamwekea mahali pake chupa ndogo ya maji na bigijii isiyo na sukari, ambayo pia husaidia kuleta mate. Siku kumi za mwanzo zilikuwa ngumu: alikuwa mkali, hakulala vizuri, na mara mbili tulimkuta kwa jirani. Hatukumgombeza. Mwezi wa pili aliacha kuuliza.

Kwa anayevuta sigara, maduka makubwa ya dawa mijini huuza bandiko la nikotini la kubandika kwenye ngozi, na bandiko hilo humfaa zaidi mtu ambaye bado ana vidonda au ukavu mdomoni kuliko bigijii ya nikotini ya kutafuna. Muulize daktari au mfamasia kuhusu kipimo kinachokufaa. Watu wa nyumbani nao wanatakiwa kuacha kuvuta ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wa mwenzako nao unaingia kwenye koo lako, na pia kwa sababu hakuna anayeweza kuacha sigara huku pakiti iko mezani.

Kuhusu pombe, kinacholeta madhara ni alkoholi yenyewe, iwe katika bia, mvinyo, mbege, gongo au chang'aa. Pombe na tumbaku zikikutana hatari haijumlishwi tu, bali inazidishwa. Hata hivyo natoa tahadhari moja: mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku asikatize ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kupata mtetemeko mkali, kuweweseka au degedege. Amwambie daktari ukweli ili apewe dawa za kumvusha.

Hatua ya tatu: kalenda ya kliniki

Marudio mengi ya saratani hizi hutokea ndani ya miaka miwili ya kwanza, na ndiyo maana ratiba ya ufuatiliaji hubana mwanzoni kisha ikalegea. Ratiba inayotumika na wataalamu wengi ni kuonekana kliniki kila mwezi mmoja hadi mitatu katika mwaka wa kwanza, kila miezi miwili hadi sita katika mwaka wa pili, kila miezi minne hadi minane kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Daktari wako anaweza kuibana zaidi kulingana na hali yako.

Katika kila ziara, daktari anatakiwa kukuangalia kinywa chote kwa taa, kukupapasa shingo pande zote mbili, na pale inapohitajika kupitisha puani kamera nyembamba ili aone koromeo na zoloto. Kama umeonekana kwa dakika mbili na hukuguswa shingo, ni haki yako kuomba kwa adabu: "Daktari, naomba uniangalie na shingo pia." Baada ya mionzi, kipimo cha picha cha kulinganishia, iwe CT, MRI au PET pale inapopatikana, kwa kawaida husubiri takriban miezi mitatu, kwa sababu kikifanywa mapema mno uvimbe na wekundu unaoletwa na mionzi yenyewe huweza kuonekana kama ugonjwa na kukutia hofu bure.

Aliyepigwa mionzi ya shingo anapaswa pia kupimwa homoni ya tezi ya thairoidi kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Tezi hiyo ikidhoofika, mtu huchoka, huhisi baridi, hunenepa au huwa mzito wa akili, naye hudhani saratani imerudi kumbe dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku. Aliyekuwa mvutaji mkubwa aulize pia kuhusu kipimo cha mapafu.

Kinachowafanya watu waache kliniki mara nyingi huwa ni kujisikia wazima. Mwaka wa pili, wakati wa masika, mjomba alisema hana maumivu, nauli imepanda, na mvua imeharibu barabara, tukaahirisha mwezi, na mwezi ukawa mitatu. Tulibahatika kwamba hakukuwa na kitu, lakini tangu siku hiyo nauli ya kliniki hutengwa kwenye bahasha mara tu fedha ya mwezi inapoingia, kabla ya mchele na kabla ya ada. Vituo vya mionzi katika nchi zetu ni vichache, na mtu anayetoka Kigoma au Mtwara kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam anasafiri siku nzima au zaidi. Ukiwa katika hali hiyo, muulize daktari wako kama ziara za katikati zinaweza kufanywa na daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, huku zile kubwa ukizifuata mbali. Hakikisha pia kwamba barua ya rufaa na bima havijaisha muda wake, na kama huna uwezo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya miadi badala ya siku yenyewe.

Hatua ya nne: jichunguze mwenyewe kila mwezi

Chagua tarehe moja isiyosahaulika. Sisi tulichagua tarehe mosi, baada ya sala ya asubuhi, kwenye dirisha la sebuleni lenye mwanga mzuri. Nawa mikono, toa meno ya bandia kama unayo, shika kioo, na mwenzako akuangazie kwa tochi ya simu. Anza na midomo kwa nje na kwa ndani, kisha mashavu, kisha fizi za juu na za chini. Toa ulimi, ushike ncha yake kwa kitambaa safi, uuvute taratibu kulia na kushoto ili uone kingo zake hadi nyuma, kisha uuinue uone chini yake, kwa sababu kingo za ulimi na sakafu ya kinywa ndipo saratani nyingi za kinywa hujificha. Malizia na kaakaa kwa kuinua kichwa.

Baada ya hapo ipapase shingo kwa ncha za vidole vitatu, polepole: chini ya taya, kisha kwenye msuli unaoteremka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, kisha juu ya mtulinga. Shingo iliyopigwa mionzi huwa ngumu kama ngozi iliyokaushwa, na hilo huwatisha wengi mara ya kwanza. Kwa hiyo usiilinganishe na shingo ya mtu mwingine, bali na ilivyokuwa mwezi uliopita, na hilo litawezekana tu kama uliandika. Daftari la mjomba lina mistari minne kwa kila mwezi: uzito, kilichoonekana kinywani, kilichoguswa shingoni, na vidole vingapi vinaingia mdomoni. Mtu mzima mwenye taya nzima kwa kawaida huweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mjomba alimaliza mionzi akiwa na viwili, akarudi kwenye vitatu kwa kufanya mazoezi ya kufungua taya mara kadhaa kila siku kwa vijiti vya mbao vya askrimu, akiongeza kijiti kimoja kila alipozoea. Siku taya likianza kufunga tena ghafla bila sababu, hilo si jambo la mazoezi tena. Ni jambo la daktari.

Mambo yafuatayo hayapaswi kusubiri tarehe ya kliniki: kidonda au doa jeupe au jekundu linalozidi wiki mbili, uvimbe mpya shingoni, sauti ya kukwaruza inayozidi wiki tatu, chakula kinachokwama au maumivu ya kumeza yanayoongezeka, damu kwenye mate au puani, ganzi ya mdomo, ulimi au shavu, meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri na sasa hayakai, na kupungua uzito bila kukusudia. Lipo moja ambalo watu hulipuuza zaidi, nalo ni maumivu ya sikio la upande mmoja wakati sikio lenyewe likiangaliwa ni zima. Mishipa ya fahamu ya koo na ya sikio imeungana, kwa hiyo ugonjwa ulio chini ya ulimi au kooni unaweza kujitangaza sikioni, na mgonjwa akamaliza miezi akitiwa matone. Ukipata shida ya kupumua au damu nyingi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya tano: meno na ukavu wa kinywa

Mionzi hupunguza mate, na kinywa kisicho na mate huoza meno kwa kasi ya kutisha. Piga mswaki laini kwa dawa yenye floraidi kila baada ya kula, kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na usitumie dawa za kusukutua zenye alkoholi. Sukutua kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea. Nasisitiza soda ya kuokea, ile laini ya dukani, na wala si magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali na yataunguza.

Usikubali kung'olewa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kabla ya daktari wa meno kujua historia yako na kuwasiliana na waliokutibu. Mfupa uliopigwa mionzi una damu kidogo, na shimo la jino linaweza lisipone, mfupa ukafa na kuanza kutoka usaha kwa miezi. Mjomba alikaa kwenye kiti cha kliniki moja ya mtaani, ganzi ikiwa tayari kwenye sindano, ndipo nilipofika na ile picha ya muhtasari kwenye simu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, naye hakuona umuhimu wa kusema. Zaidi ya maumivu, mfupa uliokufa hufanana mno na saratani iliyorudi, na humgharimu mgonjwa vipimo vingi na usingizi mwingi kabla ya kujulikana ni kipi.

Hatua ya sita: chakula, na vile vidonge vinavyouzwa

Kula mboga, matunda, kunde, samaki na mayai kwa namna unayoweza kumeza: matembele yaliyosagwa, maharage yaliyopondwa, parachichi, uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini. Ukipaliwa mara kwa mara au ukikohoa kila unapokunywa, mwambie daktari, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni.

Hakuna kidonge kilichothibitika kuizuia saratani hii isirudi, na vipo ambavyo vimedhuru. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, wagonjwa 540 waliotibiwa kwa mionzi saratani za kichwa na shingo zilizokuwa katika hatua za mwanzo waligawanywa, wengine wakapewa vitamini E kwa wingi na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika kipindi cha kumeza vidonge hivyo, waliopewa vitamini ndio waliopata saratani mpya zaidi. Kwa hiyo vitamini iliyo ndani ya embe na mchicha ile kwa moyo mmoja, lakini chupa ya vidonge vya nguvu unayoletewa na mtu mwenye nia njema muonyeshe daktari kwanza. Nasema hivyohivyo kuhusu dawa za mitishamba: sizidharau, ila uvimbe mpya uliopakwa dawa ya majani kwa miezi mitatu ni miezi mitatu iliyotolewa zawadi kwa saratani.

Hatua ya saba: watu wa nyumbani

Saratani haiambukizi, na hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa kikombe chake. Pale ambapo ugonjwa ulihusiana na kirusi cha HPV, mwenzi hahitaji kukimbiwa wala kutuhumiwa, kwa kuwa watu wengi hukutana na kirusi hicho maishani bila kujua. Chanjo yake haitibu saratani iliyokwisha kuwapo, lakini wasichana wa nyumba hiyo wapelekwe: Tanzania Bara ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Hofu huwa kali zaidi siku chache kabla ya kliniki. Mgonjwa asiyekula, asiyezungumza na asiyetaka kutoka nje anahitaji kusikilizwa, na pengine kutibiwa, kwa sababu aliyekata tamaa ndiye anayerudia sigara na kuacha miadi.

Ukiona dalili

Usisubiri tarehe yako, wala usikae kwenye foleni ya kawaida kama mtu mwenye mafua. Chukua kadi, muhtasari na daftari, kisha mwambie muuguzi wa mapokezi maneno machache yaliyo wazi: "Nilitibiwa saratani ya ulimi mwaka fulani, na kitu hiki ni kipya, kina wiki tatu." Daktari akisema ni kidonda cha kawaida, muulize tarehe gani urudi kama hakijapona, uiandike mbele yake, na ukirudi kikiwa bado kipo, omba kikatwe kinyama kikapimwe. Saratani iliyorudi ikiwa ndogo, hasa zolotoni au kwenye tezi moja ya shingo, mara nyingi bado inaweza kukatwa, na wapo waliokatwa mara ya pili na wanaendelea kuishi na wajukuu wao. Katika mwaka wa tatu mjomba aliona doa jeupe kwenye shavu, tukaenda kesho yake bila kungoja tarehe, kinyama kikapimwa, na jibu likawa ni fangasi wa kinywa kikavu. Alipewa dawa ya wiki mbili, na kwenye daftari, chini ya mwezi ule, ameandika kwa mkono wake: "Shavu la kulia, fangasi, limepona tarehe 19."